Karl von Frisch: Msomi aliyeokolewa na nyuki aliowachunguza

MWEZI Januari mwaka wa 1941, barua ya serikali ya Ujerumani ilimfikia profesa mmoja wa elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Munich. Ilimwarifu kwamba angelazimika kustaafu. Hakuwa ameiba mali ya umma wala kuzembea kazini. Kosa lake lilikuwa ni nyanya yake mzaa mama, aliyefariki miaka mingi kabla ya barua hiyo kuandikwa. Nyanya huyo alizaliwa katika familia ya Kiyahudi, na chini ya sheria za Adolf Hitler, damu hiyo ilitosha kumfukuzisha mjukuu wake kazi.

Profesa huyo alikuwa Karl von Frisch. Wenzake walimtetea kwa barua na maombi, lakini hoja iliyokuja kumnusuru haikutoka kwa binadamu. Ilitoka kwa nyuki. Na katika muda aliopata kutokana na msamaha huo, nyuki hao hao walimfunulia siri ambayo ilibadilisha fikira za wanasayansi kuhusu akili za wadudu.

Von Frisch alizaliwa mjini Vienna, Austria, Novemba 20, 1886, akiwa kitindamimba katika familia ya wavulana wanne. Baba yake, Anton, alikuwa daktari mpasuaji. Mama yake, Marie, alitoka katika ukoo wa Exner uliosifika kwa wasomi, na mjomba wake, Sigmund Exner, alikuwa bingwa wa utafiti kuhusu macho ya wadudu.

Tangu utotoni, Karl alipenda viumbe kuliko vitabu vya shule. Alifuga zaidi ya aina 100 za wanyama, wakiwemo ndege, samaki, mijusi na wadudu, na kuandika kumbukumbu za tabia zao. Likizo zake alizipitisha Brunnwinkl, kando ya ziwa Wolfgang nchini Austria, ambako familia yake ilimiliki nyumba iliyokuwa kinu cha zamani. Mahali hapo palikuja kuwa maabara yake ya maisha.

Alianza kusomea udaktari Vienna lakini moyo wake haukuwa huko. Akaiacha kozi hiyo na kugeukia elimu ya wanyama, akisoma Munich na Vienna, ambako alipata shahada ya uzamifu mwaka wa 1910.

Ubishi wa rangi

Jina lake lilianza kusikika kwa sababu ya ubishi. Carl von Hess, mkuu wa kliniki ya macho mjini Munich na mtu mwenye sifa kubwa, alikuwa ameshikilia kwamba samaki na wadudu hawawezi kutambua rangi. Kijana von Frisch hakuridhika. Alijiuliza: kama nyuki haoni rangi, maua yanajipamba kwa ajili ya nani?

Jaribio alilobuni lilikuwa jepesi kiasi kwamba mwanafunzi yeyote angelielewa. Alichukua kadi moja ya buluu, akaweka juu yake kisahani cha maji ya sukari, na kuizungushia kadi za kijivu za kila kiwango, kuanzia nyeupe hadi nyeusi, zikiwa na visahani vitupu. Nyuki wakazoea kunywa kwenye buluu. Kisha aliondoa sukari na kuzihamisha kadi.

Iwapo nyuki hakuona rangi, buluu ingefanana machoni pake na mojawapo ya zile za kijivu, naye angekosea. Hakukosea. Nyuki walirudi moja kwa moja kwenye buluu ingawa haikuwa na chochote. Kwa upande mwingine, nyekundu waliichanganya na nyeusi. Baadaye watafiti walithibitisha kwamba nyuki huona pia mwanga wa urujuanimno, ambao jicho la binadamu haliuoni kabisa.

Von Hess hakukubali kushindwa, na mvutano wao ulidumu kwa miaka. Hata hivyo, ukweli ulikuwa umeshachomoza.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, von Frisch hakupelekwa vitani kwa sababu ya udhaifu wa macho. Alitumikia katika hospitali moja ya Vienna na kuanzisha huko maabara ya kuchunguza bakteria. Huko ndiko alikokutana na Margarethe Mohr, muuguzi aliyekuwa pia mchoraji. Walifunga ndoa mwaka wa 1917 na kujaliwa watoto wanne.

Ngoma ndani ya mzinga

Siku moja mwaka wa 1919, akiwa tena mjini Munich, von Frisch alikaa mbele ya mzinga wa kioo ulioonyesha sega zima. Alikuwa amewatia nyuki kadhaa alama za rangi. Kisahani cha sukari kilipokauka, nyuki waliacha kuja. Alipokijaza tena, nyuki mmoja mpelelezi alikinywea na kurejea nyumbani.

Kilichofuata kilimduwaza. Nyuki huyo alianza kuzunguka mbio juu ya sega, duara baada ya duara, huku wenzake wakimfuata kwa vipapasio vyao. Muda si muda, waliondoka mzingani na kufika kwenye kisahani. Mdudu alikuwa amewapasha wenzake habari.

Alibuni mpango wa madoa ya rangi mgongoni, kila doa likiwakilisha tarakimu, hata akaweza kuwatambua mamia ya nyuki mmoja mmoja. Akagundua ngoma mbili. Ya kwanza ilikuwa ya duara. Katika ya pili, nyuki alikwenda moja kwa moja akitikisa tumbo, akageuka upande mmoja kurudi alikoanzia, akatikisa tena, kisha akageukia upande wa pili.

Alikata kauli kwamba ngoma ya duara ilitangaza maji matamu ya maua, na ile ya kutikisa ilitangaza chavua. Aliichapisha kauli hiyo, nayo ikakubaliwa kwa takriban miaka 20. Ilikuwa na makosa.

Wakati huo cheo chake kilipanda. Alifundisha Rostock kuanzia 1921, Breslau kuanzia 1923, na mwaka wa 1925 akarithi kiti cha mwalimu wake, Richard Hertwig, mjini Munich. Alionyesha pia kwamba samaki husikia, kwa kumzoeza kambare kipofu kuja kula kila alipopigiwa mluzi. Wakfu wa Rockefeller wa Marekani ulifadhili ujenzi wa taasisi mpya aliyoiongoza.

Dhoruba ya Wanazi

Wanazi walipotwaa mamlaka mwaka wa 1933, watumishi wote wa umma walitakiwa kuthibitisha nasaba zao. Wapinzani wake chuoni walipata silaha. Walimshutumu kwa kuwakaribisha Wayahudi katika taasisi yake, na wakaichimbua historia ya mama yake. Ndipo ilipokuja barua ya 1941, iliyomhesabu kuwa robo Myahudi.

Lakini katika miaka hiyo hiyo, janga lilikuwa limeikumba Ujerumani. Kimelea kiitwacho nosema, ambacho hushambulia utumbo wa nyuki, kilikuwa kikiangamiza mizinga kwa wingi. Taifa lililokuwa vitani lilihitaji chakula, na bila nyuki wa kuchavusha, miti ya matunda na mimea mingi isingezaa vyema. Waliomtetea von Frisch walitumia hoja hiyo: je, ni busara kumfukuza bingwa wa nyuki wakati nyuki wanakufa?

Serikali iliyomdharau ikamhitaji. Aliagizwa kutafuta dawa ya nosema, na mwaka wa 1942 suala la kumstaafisha likaahirishwa hadi vita vitakapokwisha. Huo haukuwa uadilifu, kwa kuwa sheria ya ubaguzi ilibaki pale pale. Wasomi wengine wengi waliobeba nasaba kama hiyo, au iliyozidi hiyo, hawakuwa na utaalamu ambao utawala uliuona wa faida, nao walipoteza kazi, nchi na hata maisha. Von Frisch aliponea kwenye tundu la sindano.

Alipojisahihisha mwenyewe

Mwaka wa 1944 mabomu yaliiharibu nyumba yake na taasisi yake mjini Munich. Alihamishia kazi Brunnwinkl, kwenye kinu kile cha utotoni. Huko, akisaidiwa na mwenzake wa miaka mingi, Ruth Beutler, alirudia majaribio yake ya zamani, safari hii akiweka chakula mbali na mzinga.

Ndipo alipong'amua alikoteleza. Hapo awali, visahani vyake vya sukari vilikuwa karibu na mzinga, ilhali nyuki wa chavua walikuwa wakitoka mbali. Hakuwa ameona tofauti ya aina ya chakula, bali tofauti ya umbali. Nyuki anayetoka karibu hucheza duara. Anayetoka zaidi ya mita 50 hadi 100 hucheza ngoma ya kutikisa, na kadiri safari inavyorefuka ndivyo ngoma inavyopungua kasi. Kwa chakula kilicho umbali wa mita 100, nyuki hukamilisha mizunguko tisa au kumi kwa sekunde 15. Kwa kilomita sita, hukamilisha miwili tu.

Mwaka uliofuata, 1945, aligundua jambo la ajabu zaidi. Ngoma ilitaja pia mwelekeo. Ndani ya giza la mzinga, juu ya sega lililosimama wima, nyuki huchukulia kwamba juu ndiko liliko jua. Akitikisa tumbo huku akipanda wima, maana yake ni kwamba chakula kiko upande wa jua. Akielekea chini, kiko upande wa pili. Akijipinda digrii 40 kushoto, wenzake nao hutoka na kuruka digrii 40 kushoto mwa jua. Jua linaposogea angani, pembe ya ngoma nayo husogea.

Wasomi wengi hupenda kuyazika makosa yao. Von Frisch aliyaanika. Alitangaza kwamba maelezo yake ya miongo miwili hayakuwa sahihi, na akaweka mapya mahali pake. Pengine ujasiri huo ulikuwa mkubwa kuliko ule wa kumkabili von Hess, kwa sababu safari hii mpinzani alikuwa yeye mwenyewe.

Miaka michache baadaye, alionyesha kwamba hata jua likifichwa, kipande kidogo cha anga la buluu humtosha nyuki, kwa kuwa macho yake husoma namna mwanga unavyojipanga angani.

Baada ya vita alifundisha Graz, Austria, kisha akarejea Munich mwaka wa 1950 hadi alipostaafu 1958. Mwanafunzi wake, Martin Lindauer, aliyejeruhiwa vitani akiwa askari, aliendeleza kazi hiyo. Alionyesha kwamba kundi la nyuki linalohama hutumia ngoma hiyo hiyo kushauriana kuhusu makao mapya.

Tuzo na mashaka

Mwaka wa 1973, von Frisch alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Konrad Lorenz na Nikolaas Tinbergen. Historia ina kejeli zake. Lorenz alikuwa amejiunga na chama cha Nazi mwaka wa 1938, Tinbergen alikuwa amezuiliwa na Wanazi kama mateka nchini Uholanzi, na von Frisch alikuwa ameponea chupuchupu sheria zao. Wote watatu walikutana katika tuzo moja, kwa kuwachunguza viumbe wasiojua siasa.

Hata hivyo, si wote waliosadiki. Kuanzia 1967, watafiti kadhaa wa Marekani walidai kwamba nyuki huongozwa na harufu tu, na kwamba ngoma haimfunzi yeyote. Majaribio ya James Gould mwaka wa 1975 yaliitia nguvu kauli ya von Frisch. Mzee huyo alifariki mjini Munich Juni 12, 1982, kabla ya kuona ushahidi uliofuata. Mwishoni mwa miaka ya 1980, nyuki wa bandia aliyechezeshwa kwa mashine aliwaelekeza nyuki halisi malishoni. Mwaka wa 2005, rada iliwafuatilia nyuki waliotazama ngoma, ikabainika kuwa waliruka kuelekea upande uliotajwa.

Nyuki wa Ulaya aliyemchunguza ni wa spishi moja na yule anayeingia katika mizinga ya magogo inayoning'inizwa mitini Ukambani na Pokot, na wote hucheza ngoma hiyo hiyo. Warina asali wa Afrika Mashariki wamewapita wacheza ngoma hao usiku na mchana kwa vizazi vingi.

Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Von Frisch aliwafuata kwa zaidi ya nusu karne. Walimpa elimu, walimsahihisha alipokosea, na taifa lake lilipomgeuka kwa sababu ya damu ya nyanya yake, ni wao waliomwachia nafasi ya kuimaliza kazi.