Padre Augustus Tolton na kadi zetu za semina



VIWAWA wa parokia moja wameniomba niwaandalie kitu cha semina: namna ya kujibu yale maneno madogo madogo yanayomchoma mtu kila siku. Si matusi ya wazi. Ni yale ya kumsifu mwenzako kwamba amestaarabika tofauti na watu wa kwao, ya kusogea kidogo kwenye benchi akikaa mwenye ualbino, ya kumwuliza dada mweka hazina kama kweli hesabu anaziweza. Nimeamua kutengeneza kadi. Upande mmoja tukio, upande wa pili njia ya kujibu. Ili nijue cha kuandika upande wa pili, nimekaa na maisha ya Padre Augustus Tolton.

Alizaliwa mwaka 1854 huko Missouri, Marekani, akiwa mtumwa. Waliommiliki walikuwa Wakatoliki, na yeye akabatizwa Mkatoliki. Yaani waliamini ana roho ya kuokolewa na bado wakamhesabu pamoja na mali. Mwaka 1862 mama yake, Martha Jane, alitoroka na watoto watatu, wakavuka mto Mississippi mpaka Quincy, Illinois. Kule Augustus akaanza kazi kwenye kiwanda cha tumbaku angali mtoto.

Alipoingizwa shule ya parokia, wazazi weupe walilalamika mpaka akaondoka. Hapo akatokea padre Mwairishi, Peter McGirr, akampokea kwenye shule ya parokia yake. Waumini wake nao wakanung'unika, ila padre hakurudi nyuma. Mimi hapa ndipo nimekaa muda mrefu zaidi. Huwa tunamfundisha anayeumizwa peke yake namna ya kujibu, kana kwamba kazi yote ni yake. Lakini mtoto yule angejibu nini? Aliyekuwa na sauti pale ni McGirr. Kwa hiyo kadi nyingi zaidi sasa naziandika kwa ajili ya anayekaa pembeni na kusikia.

Augustus alipotaka upadre, kila seminari ya Marekani iliyoombwa kumpokea ilimkataa. Ubaguzi wa namna hii una adabu zake: hatuko tayari, wakati bado, jaribu kwingine. Kwenye falsafa tulifundishwa kwamba hoja dhaifu huvunjwa kwa hoja bora, lakini mtu ambaye hajatoa hoja yoyote utamvunja na nini? Tolton hakukaa kubishana na milango. Mapadre waliomwamini walimfundisha pembeni, wakamwandikia Roma, na mwaka 1880 akapokelewa katika chuo cha Propaganda Fide. Akapewa upadre tarehe 24 Aprili 1886, Jumamosi Kuu, katika Basilika la Laterani.

Alijua anakuja Afrika, huku kwetu barani. Ndivyo alivyoandaliwa. Kumbe Kardinali Simeoni akaamua arudishwe Marekani, tena Quincy kulekule!

Akaenda. Mahubiri yake yakawavuta weusi na weupe, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Padre jirani alikasirika kuona waumini weupe na sadaka zao vinahamia kwa mweusi, akataka Tolton ahudumie weusi tu. Askofu naye akaelekea upande huohuo. Ukisikiliza haraka unaweza kudhani ni mpango wa kichungaji tu: kila mtu na watu wake.

Tungekuwa sisi, wengi tungemshauri anyamaze, amwachie Mungu. Tolton alisali, hakuna shaka, lakini pia alichukua kalamu. Aliiandikia Roma akaeleza kinachotendeka na akaomba uhamisho. Mwaka 1889 akahamia Chicago, akajenga parokia ya Mtakatifu Monika kwa ajili ya watu maskini sana. Kwangu huko si kukimbia. Kuna mahali ambapo jibu sahihi ni kueleza kwa maandishi kwa mwenye mamlaka, na kuna mahali ambapo ni kuondoka. Kadi mbili hizo zipo.

Kuna jambo moja la kwetu nimelazimika kuliwekea kadi yake: utani wa makabila. Wengi watajitetea kwamba walikuwa wanatania. Sawa, lakini utani una kanuni, na ya kwanza ni kwamba mtaniwa naye ana haki ya kukutania. Ukiona mmoja anacheka kila wiki na mwingine anatabasamu tu akiangalia chini, utani umeshakwisha hapo. Mwenzao mmoja inatosha aseme kwa upole kwamba leo zamu ni yake kujibu, kisha wote wamsubiri.

Tolton alianguka kwa joto kali barabarani Chicago akitoka mafungo, akafariki tarehe 9 Julai 1897, akiwa na miaka 43. Alizikwa Quincy, kwa ombi lake mwenyewe. Mwaka 2019 Papa Fransisko alizitambua fadhila zake za kishujaa, na tunasubiri atangazwe Mwenye Heri.

Wanaokuja kwenye semina, njooni na tukio moja mmeliandika kwenye karatasi, bila jina la mtu. Andika kilichosemwa, nani alikuwepo, na nani alinyamaza.