Williamson Alianza na Sheria

Sisi tuliokulia Shinyanga jina la Williamson tulilisikia kabla hatujajua kusoma. Kampuni ya mgodi wa Mwadui, kule Kishapu, hadi leo inabeba jina lake. Kitu ambacho wengi hatukuambiwa ni kwamba mwenye jina hilo alianza chuo akisoma sheria.

John Thoburn Williamson alizaliwa Quebec, Kanada, mwaka 1907. Aliingia Chuo Kikuu cha McGill akilenga uanasheria. Likizo moja akaenda Labrador na msafara wa kuchunguza miamba, na mambo yakageukia huko. Aliporudi akahamia jiolojia, na kufikia 1933 alikuwa na shahada ya uzamivu.

Hapo ndipo ninapovifikiria vile vipimo vya haiba na uwezo tunavyojaziwa wiki ya ajira. Vingi vinafuata nadharia ya John Holland, iliyochapishwa 1959, mwaka mmoja baada ya Williamson kufariki. Inagawa watu katika makundi 6: wa kazi za mikono, wachunguzi, wasanii, wa kuhudumia watu, wa biashara na uongozi, na wapenda utaratibu. Williamson angejazaje fomu hiyo kabla ya Labrador? Fomu inakuuliza unapenda nini, nawe unajibu kwa yale uliyowahi kuyaona. Kijana wa Nyarugusu aliyekua akiona watu wakiosha mchanga wa dhahabu atajibu tofauti na mwenzake ambaye hajawahi kuona shimo. Huenda uwezo wao ni uleule.

Kipimo pia hakisemi njia itakuwa ndefu kiasi gani. Mwaka 1934 Williamson alikuja Afrika kufanya kazi katika Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya sasa, kisha akaingia Tanganyika na kampuni iliyochimba almasi Mabuki. Mabuki haikulipa. Yeye akabaki, akaendelea kutafuta mwenyewe huku mfuko ukiwa mtupu. Mwadui aliipata 1940. Na tusisahau aliyemshika mkono: I. C. Chopra, wakili wa Mwanza, ambaye baadaye akawa mshirika wake. Aliyeikimbia sheria aliokolewa na mwanasheria!

Mwaka 1947 ikaokotwa Mwadui almasi ya waridi ya karati 54.5, akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza aliyekuwa anaolewa. Yeye mwenyewe hakuoa. Saratani ya koo ilimuua Januari 1958, akiwa na miaka 50.

Sasa tusidanganyane kwamba alifika pale kwa kipaji tu. Kati ya Wasukuma waliochambua kokoto mgodini kwake naamini walikuwemo wenye jicho kali kuliko lake. Hao hawakuwa na McGill ya kuhamia kozi, wala likizo ya Labrador. Chini ya ukoloni hakuna fomu ambayo ingewafungulia mlango huo.

Sisi milango tunayo, ingawa ni myembamba. Kombi ya kidato cha 5 imeshatubana, kuhama kozi kuna muda wake, na bumu lina masharti. Ndiyo maana naona ni hatari mtu kuacha kozi kwa sababu ya karatasi ya nusu saa, na ni hatari vilevile kuitupa karatasi hiyo kwa kuwa nyumbani wanataka daktari.

Mimi nipo mwaka wa 2, nasoma sheria, na kipimo kimeniweka kwa wachunguzi. Sijaenda kuomba kuhama. Nimeomba fildi kwa wakili mmoja Geita anayeshughulikia leseni za wachimbaji wadogo na fidia za ardhi. Huko sheria inavaa buti: unapima mpaka, unamsikiliza mzee aliyehamishwa shambani, unachimba mafaili ya zamani. Kama hiyo nayo itanichosha, nitajua nimechoshwa na kazi yenyewe, siyo na lekcha za saa 2 asubuhi.

Jaza kipimo, ndugu yangu, kisha majibu yachukulie kama orodha ya mahali pa kwenda kutazama. Likizo hii tafuta mtu anayefanya kazi iliyotajwa humo, umfuate wiki 2, hata bila posho. Na uende mapema, kabla muda wa kuhama kozi haujapita.