Mwali wa Uingereza: Maisha ya Bibi Olave Baden-Powell

Wazaramo na Wakwere, wenyeji wa Kisarawe na Kibaha, wanayo desturi ya tangu kale ya kumweka ndani binti aliyevunja ungo. Mwali huyo hufundwa na kungwi wake mambo ya utu uzima, hata siku ya kutolewa nje kwa ngoma na vigelegele. Wazee walioianzisha desturi hii walitaka kumlinda mtoto wao, wala hatuwalaumu. Lakini shule haimngoji mwali. Siku zampita, na masomo yampita pia.

Pengine msomaji adhani kwamba mambo hayo ni ya Pwani yetu tu. Basi na asikilize habari za mwali mmoja wa Uingereza.

Olave Soames alizaliwa tarehe 22 Februari 1889, karibu na mji wa Chesterfield. Baba yake, Bwana Harold Soames, alikuwa tajiri mwenye kiwanda cha pombe. Mali ilikuwapo tele, lakini Olave hakupelekwa shuleni. Alifundishwa nyumbani na wazazi na walimu wa kike, na masomo hayo yakakoma angali mdogo. Familia ilihamahama, hata kufikia miaka 23 alikuwa amekaa katika nyumba 17. Alicheza tenisi, alipanda farasi, alipiga fidla, akamngojea mume. Moyoni aliona kwamba maisha yake hayakuwa na kazi.

Mwezi wa Januari 1912 alisafiri na baba yake kwa meli ya Arcadian, na humo akakutana na Jenerali Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti. Walioana mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, mume akiwa na miaka 55 na mke 23. Walijaliwa watoto watatu.

Wakati huo lilikuwapo tayari jeshi dogo la wasichana. Mwaka wa 1909, kwenye mkutano wa Skauti jijini London, walitokea wasichana ambao hawakualikwa, wakadai kwamba nao ni Skauti. Ndipo mwaka wa 1910 kikaundwa chama chao cha Girl Guides, kikitunzwa na Bibi Agnes, dada yake Jenerali. Olave alipojitolea kukisaidia mwaka wa 1914 alikataliwa. Hakununa. Mwaka wa 1915 alikwenda Calais, Ufaransa, kuwahudumia askari wa vita, na aliporudi alianza kukusanya viongozi wa wasichana katika wilaya ya Sussex. Kazi yake ilionekana upesi, na mwaka wa 1918 akatajwa kuwa Mkuu wa Girl Guides.

Yeye aliyenyimwa darasa aliwatafutia wasichana wengine darasa la namna yake. Katika vikundi vile binti alijifunza kumhudumia majeruhi, kupiga kambi, kutunza fedha, kusema mbele ya watu, na hasa kuwaongoza wenzake. Mwaka wa 1928 nchi 26 ziliunda Chama cha Dunia huko Parád, Hungaria, na mwaka wa 1930 Bibi Olave akachaguliwa kuwa Mkuu wa Dunia nzima. Mwaka wa 1932 aliwaomba wasichana wote watoe peni moja kila mmoja siku ya 22 Februari, ili wasichana wa nchi nyingine nao wasaidiwe.

Hatusemi kwamba kazi hiyo haikuwa na doa. Afrika Kusini wasichana Waafrika walifungiwa mlango wa chama mpaka mwaka wa 1936, na hata walipopokelewa walitengwa katika vikundi vyao. Ubaguzi wa enzi zile uliingia hata katika undugu uliotangazwa kuwa wa wote.

Mwaka wa 1938 Bibi Olave na mumewe walihamia Nyeri, nchini Kenya, karibu na Mlima Kenya. Huko ndiko alikofiwa na mumewe, Januari 1941. Mwaka uliofuata alirudi Uingereza, na kwa miaka mingi akazunguka dunia akiwatembelea wasichana, hata ugonjwa wa kisukari ulipomzuia mwaka wa 1970. Alifariki tarehe 25 Juni 1977, na majivu yake yakaletwa Nyeri, yakazikwa katika kaburi la mumewe.

Sasa turudi nyumbani. Kisarawe ina Minaki na Kibaha ina Sekondari ya Kibaha iliyofunguliwa mwaka wa 1965. Shule hizo mbili zenye sifa zilianzishwa kwa ajili ya wavulana. Wasichana wa vijiji vya jirani walipita mlangoni wakiwa na ndoo za maji kichwani. Leo wasichana nao wana madarasa, na tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu hata binti aliyejifungua kurudi shuleni. Mlango uliobaki ni ule wa nyumba yetu wenyewe, na ufunguo wake anao mzazi.

Ewe baba, ewe mama, mpe mwanao heshima ya mila, na umfunde adabu. Lakini ngoma ikiisha, mkabidhi daftari lake, nawe umsindikize mpaka njiani.