Johann Georg Lehmann (1765–1811)

Mtahiniwa, ukiulizwa njia za kuonesha sura ya nchi kwenye ramani, mkumbuke Lehmann. Mjerumani huyu alikuwa askari wa Saxony aliyesomea upimaji Dresden. Saxony ina milima ya Erzgebirge, yenye misitu na machimbo ya zamani ya fedha. Ramani za kale ziliichora milima kama vichuguu. Hukujua mzinga utapandia wapi. Mwaka 1799 Lehmann alitoa kanuni: chora vistari vifupi kufuata mteremko, na mteremko ukizidi ukali, vistari vinenepe. Tambarare hubaki nyeupe. Nyuzi 45 huwa nyeusi kabisa. Usimpe sifa ya kontua, hapo wengi hupoteza alama: vistari vyake huonesha ukali wa mteremko, si kimo. Alifariki Dresden akiwa na miaka 46.