Jean Jadot na mji uliobeba jina lake

Mjini Likasi bado kuna wazee wanaosema Jadotville. Tumeona vema kuwaeleza vijana wetu jina hilo lilikuwa la nani.

Jean Jadot alizaliwa Ubelgiji mwaka 1862, akasomea uhandisi. Alipata sifa kubwa huko China kwa kujenga njia ya reli kutoka Beijing mpaka Hankou, zaidi ya kilomita 1,200, iliyomalizika mwaka 1905. Mwaka 1906, akiwa katika benki ya Société Générale, alikuwa kati ya wakubwa walioanzisha Union Minière du Haut-Katanga. Tangu 1913 hadi kufa kwake mwaka 1932 alikuwa gavana wa benki hiyo.

Alikuwa mtu wa akili na bidii, hatukatai. Lakini shaba haikutoka ardhini kwa akili ya Brussels peke yake. Watu waliandikishwa vijijini, wengi kwa nguvu, machifu wakishurutishwa kutoa vijana. Walitoka Lomami, Kasai, hata Rwanda na Burundi. Katika kambi za miaka ya kwanza wengi walikufa kwa nimonia, kuhara damu na homa ya matumbo. Kampuni ilipoona inakosa watu wa kazi, ndipo ikatia bidii kujenga nyumba bora na kupokea wake na watoto. Bei ya shaba ilipoanguka kuanzia 1930, maelfu waliachishwa kazi. Na Shinkolobwe, karibu na Likasi, watu walichimba madini ya radiamu bila kinga ya kutosha.

Hatujasikia kwamba Jadot alimpiga mtu fimbo. Maamuzi yalifanyika mbali, juu ya karatasi za tani na faida. Nabii Yeremia alimkemea mfalme aliyejijengea jumba kwa jasho la jirani asiyelipwa. Mfalme yule naye hakubeba tofali.

Baada ya uhuru mji ulirudishiwa jina la Likasi. Jina la gavana liliandikwa kwenye ramani. Majina mengi ya waliozikwa kambini hayajulikani. Ndugu, tuulizane nyumbani: babu aliitwa nani, alitoka kijiji gani, alizikwa wapi? Tuyataje kanisani. Na kwa vijana wanaoshuka machimboni leo, tusingoje mazishi ndipo tuulize ni nani aliyetia sahihi.