Marehemu Sheth Nanji Kalidas Mehta: Kutoka Dukani Kamuli hadi Kiwandani Lugazi

Ni desturi njema kwamba jumuiya inapoadhimisha miaka ya hekalu lake huwakumbuka pia wazee waliotangulia. Mahekalu ya kanda hii ya Ziwa, la Mwanza na ya miji jirani, yalijengwa kwa akiba za wenye maduka, nao wengi wao walianza maisha nyuma ya meza ya mbao, wakipima chumvi na kukata kitambaa. Katika toleo hili tunasimulia maisha ya mmoja wa wafanyabiashara hao, ambaye sifa zake zilivuka ziwa lote. Marehemu Sheth Nanji Kalidas Mehta alifanyia kazi zake kubwa upande wa Uganda, lakini njia aliyoipita ndiyo waliyoipita wazee wetu wa Mwanza, Bukoba na Musoma, na maswali yaliyomkabili yaliwakabili wao pia.

Alizaliwa mwaka 1887 katika kijiji cha Gorana, karibu na Porbandar, katika pwani ya Kathiawar, Gujarati, kwenye familia ya Kilohana. Elimu yake ya darasani ilikuwa fupi. Alipofikia umri wa miaka 13, karne ya 20 ilipokuwa ikianza, alipanda jahazi kuja Afrika ya Mashariki. Majahazi ya wakati huo yaliisubiri kaskazi, upepo uvumao kuanzia Desemba hadi Machi, na safari ilichukua majuma kadhaa, abiria wakilala juu ya shehena. Kwa mtoto wa umri ule, kuiacha nyumba ya wazazi na kuielekea nchi asiyoijua lugha yake halikuwa jambo dogo.

Alifika katika wakati wa mageuzi makubwa. Mwaka 1901 reli iliyotoka Mombasa ilifika ukingoni mwa ziwa, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Kutoka hapo meli zilipeleka mizigo Entebbe, Jinja, Bukoba na Mwanza. Hata bandari yetu, ijapokuwa ilikuwa chini ya Wajerumani, ilipata sehemu kubwa ya bidhaa zake kwa njia hiyo ya Mombasa na Kisumu, na kwa njia hiyo hiyo ikasafirisha ngozi na karanga. Reli yetu ya kutoka Tabora haikufika Mwanza hadi mwaka 1928. Kwa hiyo jembe lililouzwa katika duka la Mwanza na jembe lililouzwa Busoga yaliweza kuwa yamesafiri katika behewa moja.

Huko Busoga, katika mji mdogo wa Kamuli, ndiko Nanji Kalidas alikojijenga kama mwenye duka. Msomaji kijana huenda hajui duka la namna hiyo lilivyokuwa. Lilikuwa na ukuta wa udongo na paa la bati, na mwenyewe alilala nyuma, kwenye chumba kimoja. Rafuni zilikaa marekani na kaniki, chumvi, viberiti, mafuta ya taa, shanga na sukari guru, na mlangoni zilifungwa fungu la majembe. Mali ilichukuliwa kwa mali kauli kutoka kwa wafanyabiashara wakubwa wa pwani, bila dhamana nyingine ila jina la mtu na jamaa zake. Aliyeshindwa kulipa alipoteza jina, na bila jina hakupata tena hata gunia la chumvi. Mteja wake naye alikuwa mkulima, na mkulima hakuwa na fedha ila katika msimu wa mavuno. Hivyo duka na shamba vilitegemeana tangu mwanzo.

Zao lililoibadili hali hiyo lilikuwa pamba. Mbegu zake zilianza kugawiwa Uganda katika miaka ya 1903 na 1904. Mwanzoni pamba ilichambuliwa kwa mashine ndogo za kuzungusha kwa mkono, lakini mwaka 1908 Gavana Hesketh Bell alizipiga marufuku na kuagiza mbegu ziwe za aina moja, kwa kuwa viwanda vya nguo vya Uingereza vililalamikia nyuzi zilizochanganyika na kukatika. Amri hiyo ilikuwa na matokeo makubwa. Katika kila mizigo mitatu ya pamba mbegu, mmoja tu hivi hutoka nyuzi, na uliobaki ni mbegu. Kuisafirisha pamba mbali bila kuichambua ni kusafirisha hasara. Tangu hapo, faida ya pamba ilimwelekea mwenye injini, kinu cha kuchambulia na shindilio la marobota.

Nanji Kalidas aliliona jambo hilo mapema. Wengi waliridhika kuuza jembe msimu wa kulima na kununua pamba msimu wa kuvuna, lakini yeye aliweka faida ya duka katika mashine. Alianza kununua pamba, kisha akamiliki kiwanda cha kuichambua, na hatimaye viwanda vingi. Hatua hiyo ilihitaji ujasiri, kwa maana duka likishindwa, bidhaa huweza kurudishwa au kuuzwa kwa bei ya chini, lakini injini iliyokwisha kujengewa msingi wa saruji katikati ya mashamba hairudishwi.

Ujasiri wake mkubwa zaidi ulionekana Lugazi, kati ya Kampala na Jinja. Sukari iliyotumika Uganda ilitoka nje, ilhali ardhi ya kando ya ziwa ilikuwa na mvua na rutuba ya kutosha kwa miwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alipata ardhi huko, akafyeka msitu, akapanda miwa, na mwaka 1924 akafungua kiwanda cha kwanza cha sukari cha Uganda. Reli ya Mombasa ilikuwa haijafika Kampala, nayo haikufika hadi mwaka 1931. Mizigo mizito ya nchi ile ilivushwa ziwani kwa meli na kumaliziwa njia kwa nchi kavu. Pembeni ya miwa alilima pia chai na kahawa, na Lugazi ukageuka kutoka msitu kuwa mji.

Haitakuwa haki kusimulia mafanikio haya bila kutaja malalamiko yaliyokua pamoja nayo. Katika nchi zote za ziwa hili, mkulima mwenyeji alilima na kuvuna, lakini mizani, kinu na bei vilikuwa mikononi mwa watu wengine. Wenye viwanda walijiunga katika vikundi vya kugawana pamba, na serikali ilipanga bei. Mwaka 1949 ghasia zilitokea Buganda, na mojawapo ya madai ya wakulima lilikuwa haki ya kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe. Huku kwetu Usukumani malalamiko ya mizani ya udanganyifu ndiyo yaliyomsukuma Paul Bomani na wenzake kuunda vyama vya wakulima, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano mkubwa wa vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa, Victoria Federation. Wazee wetu waliyaona hayo wakiwa upande wa pili wa meza. Wako waliopima kwa haki, na wako ambao hawakupima kwa haki, na jina la jumuiya nzima lilibeba mzigo wa hao wa pili.

Maisha ya Marehemu hayalijibu swali hilo lote, lakini yanaonyesha upande mmoja wa jibu. Mali yake hakuitazama kuwa mwisho wa safari. Alivutiwa na mafundisho ya Arya Samaj, ambayo yalikazia elimu na marekebisho ya jamii. Katika miaka ya 1930 alianzisha Porbandar shule ya bweni ya wasichana, Arya Kanya Gurukul, wakati ambapo wengi waliona elimu ya binti kuwa gharama isiyo na faida. Binti yake Savita aliitumikia shule hiyo kwa miaka mingi. Tena kwa fedha zake lilijengwa Kirti Mandir, kando ya nyumba alimozaliwa Mahatma Gandhi, lililofunguliwa mwaka 1950 na Sardar Patel. Jengo hilo lina urefu wa futi 79, kuashiria miaka ya uhai wa Mahatma, na mapambo yake yamebeba alama za dini mbalimbali.

Aliaga dunia mwezi Agosti 1969. Hakuiona Agosti ya mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke Uganda, na kiwanda cha Lugazi kikatoka mikononi mwa familia yake. Baada ya utawala huo kuanguka mwaka 1979, warithi wake walirudi, wakakuta mitambo imeharibika na mashamba yamevamiwa na magugu, wakaanza upya. Walikuwa na nchi nyingine za kwenda. Uamuzi wa kurudi palepale huenda ndio ukumbusho mkubwa kuliko jengo lolote.

Kila Diwali tunaweka madaftari mapya mbele ya Lakshmi na Saraswati, na ukurasa wa kwanza tunaandika Shubh Labh, yaani faida iliyo njema. Neno la kwanza hutangulia la pili kwa sababu. Faida iliyopatikana kwa mizani ya haki, ikarudishwa katika ardhi iliyoizaa na katika elimu ya watoto, hiyo ndiyo njema. Tunapoadhimisha mwaka huu, na tuwakumbuke wazee waliolijenga hekalu hili kwa akiba ya dukani, na tuyafungue madaftari yetu wenyewe, tuone yameandikwa nini.