Jim Clark na Motokaa Lotus 25
Jim Clark, mfugaji wa kondoo wa Scotland, alizaliwa mwaka 1936. Mwaka 1962 alipewa motokaa mpya ya mashindano, Lotus 25, yenye kiti kimoja. Fundi Colin Chapman hakuiunda kwa mabomba ya chuma kama ilivyokuwa desturi, bali kwa sanduku la bati la alumini, jepesi na imara zaidi. Dereva alikaa karibu kulala chali! Disemba ile, huko East London, Afrika ya Kusini, Clark alikuwa mbele akiukaribia ubingwa wa dunia, mara oili ikavuja, akasimama. Ubingwa akauchukua Graham Hill. Mwaka 1963, kwa motokaa hiyo hiyo, Clark alishinda mara 7 katika mashindano 10, akawa bingwa. Alikufa Hockenheim, Ujerumani, tarehe 7 Aprili 1968, katika mashindano yasiyohusu ubingwa wa dunia, akiwa na miaka 32.